Namna ya kupanga rangi za taa kwenye tangi la matumbawe nyumbani: buluu kwanza, nyeupe baadaye

Kila ninapotumiwa picha ya tumbawe lililokufa, swali linaloambatana nayo ni lile lile: "Chumvi nimepima, joto liko sawa, maji ni safi, kwa nini limekuwa jeupe?" Nami huuliza taa imepangwaje. Jibu huwa moja kati ya mawili. Ama mtu ameifungulia kila rangi hadi asilimia 100 kwa sababu buluu ilionekana hafifu, ama ameweka nyeupe kama ya sebuleni ili aone samaki vizuri.

Makosa haya mawili yana mzizi mmoja: tunapima mwanga kwa macho. Jicho la binadamu huona vizuri zaidi rangi ya kijani inayoelekea njano, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 555. Buluu ya nanomita 450, hata ikibeba nishati ile ile, jicho huipokea kwa takriban asilimia 4 tu ya hapo. Zambarau ya nanomita 420 haifiki hata asilimia 1. Tumbawe halitazami kwa jicho lako. Kwake buluu ndiyo chakula, na buluu unayoiona kama taa ya kulalia inaweza kuwa inalichoma wakati huo huo.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Taa ya LED ambayo kila rangi ina chaneli yake ya kurekebisha. Angalau chaneli mbili, buluu na nyeupe. Zikiwa tano au sita ni bora. Wenye mirija ya T5, zile taa nyembamba za fluoresenti, nimewawekea sehemu yao huko chini.
- Kipimo cha PAR kinachozama majini. PAR ni mwanga wa nanomita 400 hadi 700, ule unaotumika kwa usanisinuru. Apogee MQ-510 hutumiwa na wafugaji wengi. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo azima, kodi, au changeni watu watatu. Unakihitaji siku moja tu, kisha kila unapobadilisha taa.
- Taima, kama taa haina programu yake.
- Mita moja ya wavu wa mbu wa dirishani.
- Kichujio cha rangi ya machungwa cha kuweka mbele ya kamera ya simu.
- Vipimo vya naitreti na fosfeti, virutubisho vilivyomo majini.
- Daftari. Usitegemee kumbukumbu.

Usinunue wala usipakue programu ya simu ya kupima lux ukidhani itachukua nafasi ya kipimo cha PAR. Lux, kizio cha mwangaza, imetengenezwa kwa kufuata jicho la binadamu, kwa hiyo inaidharau buluu kama jicho linavyoidharau. Chini ya taa ya buluu itakuambia mwanga ni mdogo, nawe utaongeza.

Katika maelezo yote nitatumia mfano wa tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 50, yaani lita 200 hivi, kwa kuwa ndilo ninaloliona kwa watu wengi wanaoanza.

## Hatua ya 1: Andika una matumbawe gani na kila moja linakaa wapi

Huwezi kuchagua rangi kabla ya kujua unamlisha nani. Gawa matumbawe yako katika makundi matatu, na kando ya kila kundi andika PAR linayoitaka, kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde:

- Laini na uyoga wa bahari (Sarcophyton, Sinularia, Discosoma, Zoanthus): 50 hadi 150.
- Magumu yenye polipu kubwa, yaani vile viumbe vyenye mdomo na minyiri vinavyounda tumbawe (Euphyllia, Trachyphyllia, Blastomussa): 80 hadi 150.
- Magumu yenye polipu ndogo (Montipora, Stylophora, Acropora): 200 hadi 350.

Aliyewahi kutembea kando ya mwamba wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa hadi matawi yanachungulia, anajua kwamba tumbawe la huko juu hupigwa na jua zima pamoja na rangi zake zote. Lile la mita 20 chini linaishi katika mwanga ambao sehemu yake kubwa ni buluu. Jina lake dukani linaweza kuwa moja, mahitaji yao si mamoja. Muulize anayekuuzia: lilikuwa chini ya PAR ngapi, na rangi gani? Muombe pia awashe nyeupe kwa dakika moja ulione. Chini ya buluu tupu hata tumbawe lililopauka hung'aa kama lenye afya.

Onyo. Usilivunje kutoka mwambani. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Nunua vipande vilivyokuzwa tangini. Hivyo pia huzoea taa haraka zaidi, kwa sababu vimezaliwa chini yake.

## Hatua ya 2: Fahamu kazi ya kila rangi

Hapa usiruke. Ukijua kazi ya kila chaneli, hutahitaji kunakili namba za mtu mwingine.

Buluu nzito, nanomita 445 hadi 460. Kwenye kasha huandikwa Royal Blue. Huu ndio uti wa mgongo wa taa. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo mno, zooksanthela, wanaotengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Klorofili yao hunyonya mwanga kwa nguvu hapa. Buluu hii hii ndiyo huwasha protini zinazometa, zile zinazokula buluu na kutema kijani. Nayo humsukuma tumbawe atengeneze rangi zaidi.

Buluu ya anga, nanomita 465 hadi 485. Zooksanthela wana rangi nyingine iitwayo peridinini, inayokamata mwanga kuanzia hapa hadi ndani ya kijani. Chaneli hii huwalisha kwa mlango wa pili, na hulitoa tangi katika ule uzambarau mzito unaochosha macho.

Zambarau, nanomita 400 hadi 430. Klorofili a ina kilele chake karibu na 430, kwa hiyo hiki ni chakula halisi, na baadhi ya protini humeta vizuri hapa. Ila ndiyo chaneli ya hatari kuliko zote, kwa sababu jicho karibu haliioni. Ukiipandisha hadi mwisho tangi halibadiliki machoni pako, huku tumbawe likipata mzigo mpya.

Nyeupe. Hii ni kwa ajili yako kuliko kwa ajili yao, ingawa nao hula humo. LED nyeupe ina kilele cha buluu ndani yake, pamoja na rangi nyingine zote. Kazi yake kubwa ni kuonyesha zile rangi zisizometa: waridi, zambarau na bluu za Acropora ambazo huakisi tu mwanga unaozifikia. Chini ya buluu tupu, Acropora ya waridi huonekana kama kijiti cheusi. Watu wengi wanaolalamika kwamba tumbawe lao "limepoteza rangi" hawajapoteza chochote, wameizimia nyeupe.

Kijani na nyekundu. Chovya, usimimine. Kijani kidogo husaidia uyoga mwekundu uwake, kwa kuwa protini nyingi nyekundu huamshwa na kijani. Nyekundu hurudisha uhai kwenye rangi za samaki. Lakini maji safi ya bahari hunyonya zaidi ya robo ya mwanga mwekundu wa nanomita 650 katika kila mita moja. Ndiyo maana mpiga mbizi akijikata kidole mita 20 chini, damu yake huiona ya kijani. Tumbawe la huko halijawahi kukutana na nyekundu yako. Na tangi la kina cha sentimita 50 huchuja kidogo tu, hivyo karibu chote unachowasha hufika.

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Uholanzi ambamo vipande vya Stylophora pistillata viliwekwa kwa wiki 6 chini ya buluu, chini ya nyekundu, na chini ya mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Waliokuwa kwenye buluu waliishi vizuri kuliko wote. Waliokuwa kwenye nyekundu tupu, mwanga ulipokuwa mkali, wengi walikufa. Stylophora huyo yupo kwenye miamba yetu pia.

## Hatua ya 3: Weka mchanganyiko wa kuanzia

Asilimia hizi ni za uwezo wa kila chaneli peke yake. Kilicho muhimu ni uwiano, maana taa hazilingani nguvu.

*Tangi la laini na polipu kubwa:* buluu nzito 60, buluu ya anga 60, zambarau 35, nyeupe 15, kijani 3, nyekundu 3.

*Tangi la Montipora na Acropora:* buluu nzito 80, buluu ya anga 80, zambarau 60, nyeupe 35, kijani 5, nyekundu 5.

*Taa yenye vitufe viwili tu:* buluu 60, nyeupe 15 hadi 20.

Kama tangi lako ni mchanganyiko, anza na la kwanza. Acropora ikikosa mwanga hugeuka kahawia nawe unapata wiki kadhaa za kurekebisha. Euphyllia ikizidiwa, siku tano zinatosha kuimaliza.

Umefaulu ikiwa maji yanaonekana ya buluu iliyotulia, mchanga hauonekani mweupe kama karatasi, na bado unatofautisha waridi na nyekundu kwa macho matupu.

## Hatua ya 4: Sasa tafuta nguvu, bila kugusa rangi

Watu huvuruga hapa. Wakitaka mwanga zaidi huongeza nyeupe, kwa sababu nyeupe ndiyo jicho linayoiona ikiongezeka. Matokeo yake mchanganyiko waliouhangaikia unaharibika, na nguvu hawajui imefika wapi. Rangi ukishazipanga, ziache. Nguvu itafute kwa kitelezi kikuu cha taa, kile kinachopandisha au kushusha chaneli zote kwa pamoja, na kwa urefu wa kuitundika.

1. Tundika taa sentimita 25 hadi 30 juu ya maji. Ikikaa chini zaidi, kila balbu ya LED huangusha rangi yake peke yake na utaona vivuli vyekundu na vya kijani vikitembea mchangani. Hapo tumbawe moja linakula buluu, jirani yake analishwa nyekundu.
2. Kitelezi kikuu kiweke asilimia 40.
3. Pima PAR sehemu tisa: tatu mchangani, tatu katikati ya miamba, tatu juu. Usisahau pembe. Chora tangi kwenye daftari na uandike kila namba mahali pake.
4. Panda au shuka kwa kitelezi kikuu hadi mchangani usome 60 hadi 100, na kileleni mwa mawe 200 hivi. Tangi la Acropora peke yao linaweza kufika 300 juu.
5. Hamisha matumbawe yafuate namba. Ni rahisi zaidi kusogeza tumbawe kuliko kusogeza jua.

Huna kipimo kabisa? Kitelezi kikuu kiwe 30, taa iwe sentimita 30 juu, kila kipande kipya kianzie mchangani, na hatua ya 7 uisome mara mbili.

Onyo la mwili wako. Usitazame taa moja kwa moja, hasa zambarau na buluu zikiwa juu. Jicho halikunji kope kwa sababu halihisi ukali, lakini retina inaupokea. Na waya wa taa uache ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji ya chumvi lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

## Hatua ya 5: Panga siku

Saa 8 hadi 10 za mwanga zinatosha. Ratiba yangu:

- Saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana: buluu na zambarau peke yake, zikipanda polepole.
- Saa 6 mchana hadi saa 12 jioni: mchanganyiko wote.
- Saa 12 jioni hadi saa 2 usiku: nyeupe, kijani na nyekundu zimezimwa, buluu ikishuka. Huu ndio wakati wa kukaa mbele ya tangi, matumbawe yanameta kuliko saa nyingine yoyote.

Kwenye programu ya taa saa 4 asubuhi huandikwa 10:00, na saa 2 usiku ni 20:00. Nimekuta zaidi ya mtu mmoja aliyeandika 04:00 na kumwashia tumbawe jua alfajiri. Usiku uwe giza. Taa ya mwezi ukitaka iwe hafifu mno, na isikeshe kila siku.

Umeme ukikatika, taa isikupe presha. Siku moja au mbili za giza matumbawe huvumilia. Kinachoua ni maji kutulia bila hewa, kwa hiyo betri yako ielekeze kwenye pampu.

## Hatua ya 6: Zoesha kila kinachobadilika

Taa mpya, tumbawe jipya, au rangi mpya, vyote vinahitaji muda. Zooksanthela hubadilisha idadi yao na klorofili yao kwa siku na wiki. Dakika haziwatoshi.

Kwa taa mpya, anza nusu ya nguvu unayoilenga, kisha ongeza asilimia 5 kila wiki. Kwa tumbawe jipya katika tangi la zamani, usipunguze taa ya wote kwa ajili ya mgeni mmoja: kunja wavu wa mbu tabaka nne, uweke juu ya tangi mahali alipo, na utoe tabaka moja kila baada ya siku nne.

Badilisha kitu kimoja, ngoja wiki mbili, andika. Mwaka wangu wa kwanza nilipandisha nyeupe kutoka 15 hadi 50 kwa siku moja, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja na nilitaka waone samaki. Walipoondoka nilisahau kuishusha. Siku ya tano Montipora iliyokuwa juu ya jiwe ilikuwa nyeupe upande uliotazama taa, na bado kahawia upande wa chini. Haikurudi.

Joto likipanda, punguza mwanga. Wanaofuga Dar es Salaam, Mombasa au Muscat wanajua maji yanavyofika nyuzi 29 au 30 mchana wa kiangazi. Mwanga mkali na joto hushirikiana kuwafukuza zooksanthela. Maji yakipita nyuzi 28, shusha kitelezi kikuu kwa theluthi hadi yapoe.

## Hatua ya 7: Soma tumbawe

Kila Jumapili, saa ile ile, piga picha ukiwa umewasha mchanganyiko wote wa mchana, kichujio cha machungwa kikiwa mbele ya kamera. Bila kichujio simu itafanya kila kitu buluu na hutaweza kulinganisha wiki na wiki.

Limepauka upande wa juu tu. Mwanga umezidi. Shusha kitelezi kikuu kwa asilimia 10, au sogeza tumbawe chini. Angalia zambarau kwanza, mara nyingi ndiyo yenye kosa.

Limepauka pande zote, hata kivulini. Taa haina hatia. Pima naitreti na fosfeti. Zikisoma sifuri tumbawe lina njaa, na buluu kali juu ya njaa humaliza haraka.

Limegeuka kahawia. Zooksanthela wamejazana, ama kwa kukosa mwanga ama kwa maji yenye virutubisho vingi. Pima fosfeti kabla ya kuongeza taa. Usiongeze nyeupe ukitumaini rangi zitarudi. Zinaonekana siku hiyo tu.

Limejikunja mchana na kufunguka jioni, buluu inaposhuka. Hapa tumbawe linasema waziwazi. Mwanga wa mchana ni mkali. Punguza nyeupe na zambarau kidogo, pamoja na kitelezi kikuu.

Limerefuka shingo na kuinamia taa. Linatafuta mwanga. Lipandishe sentimita 5 na ungoje.

Utando mwekundu mchangani. Hao ni sayanobakteria. Wana rangi zinazokamata kijani na nyekundu vizuri, kwa hiyo zima chaneli hizo mbili, ongeza mzunguko wa maji, nyonya utando kwa mpira. Taa peke yake haiwaondoi, lakini unaacha kuwalisha.

## Hatua ya 8: Sasa jifurahishe na nyeupe

Baada ya wiki nane bila dalili mbaya, macho yako nayo yana haki. Ongeza nyeupe asilimia 3 kila wiki na, kwa kila ongezeko, rudisha kitelezi kikuu chini kidogo ili PAR ibaki ile ile. Simama pale waridi zinapochangamka na kumeta hakujapotea. Kwangu ni 22 kwa tangi la polipu kubwa. Mwenzangu mmoja hawezi kuvumilia zaidi ya 10. Zote mbili ni sawa, mradi namba za daftari hazijabadilika.

## Kwa wenye mirija ya T5

Hapa huchanganyi kwa kitelezi, unachanganya kwa kuchagua mirija. Tangi la sentimita 90 huchukua mirija ya wati 39. Kwa mirija minne weka mitatu ya buluu, aina ya ATI Blue Plus, na mmoja wa nyeupe yenye uwaridi, aina ya ATI Coral Plus. Ukitaka kung'ara zaidi kwa samaki, fanya miwili kwa miwili. Rangi ya mrija hubadilika kadiri unavyozeeka, ikielekea njano, hata kama jicho halioni. Badilisha kila miezi 9 hadi 12, mrija mmoja kila wiki mbili. Ukibadilisha yote siku moja umefanya kosa la hatua ya 6.

## Utakachokiona baada ya miezi mitatu

Tazama kwanza chini, pale tumbawe linaposhikana na jiwe. Tumbawe lililopata mwanga wake huanza kutambaa na kufunika gundi uliyolibandikia. Euphyllia hufunguka kabla nyeupe haijawaka na kubaki wazi hadi buluu inapozimika. Kwenye Montipora utaona ukingo mwembamba uliopauka, na kwenye Acropora ncha nyeupe kwenye kila tawi. Hapo usikimbilie kitelezi: weupe wa ncha na ukingo, huku mwili mzima ukiwa na rangi, ni nyama mpya ambayo zooksanthela bado hawajaijaza.